Vyumba Sita vya Kariakoo

Katika mji wa Dar es Salaam, kabla benki haijamfungulia mlango Mwafrika na kabla serikali haijafikiri kumjengea, palikuwa na njia moja ambayo mtu wa kipato haba, awe kuli wa bandarini, fundi cherehani au mwanamke muuza vitumbua, aliweza kujipatia raslimali ya kumtunza uzeeni: kujenga nyumba ya vyumba sita, akalala katika kimoja na kuvipangisha vilivyosalia.

Kariakoo, iliyo magharibi ya Mnazi Mmoja, ilipimwa mitaa yake iliyonyooka na Wadachi. Kisha ikaja vita, Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, na jeshi lao la wapagazi lililopiga kambi hapo likauachia mtaa jina lake. Viwanja vilitolewa kwa kodi ya mwaka, ardhi ikabaki ya serikali, na jambo hili halikumshangaza mtu wa pwani, kwani Mombasa na Unguja tangu zamani mtu aliweza kumiliki nyumba juu ya ardhi ya mwingine. Lakini desturi hiyo nayo ilikuwa na mashaka yake, kama ilivyodhihiri mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo ya Unguja walipogoma kuwalipa wenye ardhi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na mpango wake maalumu. Mbele palikuwa na baraza. Ukiingia mlango mkubwa unapita ukumbi mrefu ulionyooka hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kila kimoja kikifungukia ukumbini, na huko uani lilikuwapo jiko, choo, na pengine banda ambalo nalo lilipangishwa. Ni mpango huu uliomwezesha mnyonge kuwa mwenye nyumba, kwa kuwa wapangaji watano hawakuhitaji majiko matano wala vyoo vitano, bali kila mmoja chumba chenye kufuli, na mengineyo wakashirikiana. Wala haikuwa lazima nyumba isimame yote kwa mara moja: boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji zilichimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba, kisha aghalabu mwenyewe akakandika udongo vyumba viwili vya mbele, akaezeka makuti, akaingia yeye na mpangaji wake wa kwanza, ilhali upande wa pili ukiwa bado mifupa mitupu, kodi ya mwezi huu ikanunua fito, ya mwezi ujao ikamlipa mkandikaji, hata makuti yakaondolewa, yakawekwa madebe yaliyokunjuliwa, na baadaye bati. Aliyejenga hivyo hakudaiwa, basi hapakuwa na wa kumfilisi. Na kwa Mwislamu kodi ya chumba ilikuwa na fadhila nyingine, nayo ni kuwa chumo la halali, ilhali faida ya fedha iliyowekwa benki ni riba.

Wanawake walilitambua jambo hili mapema. Mwanamke aliyepewa talaka, ambaye kwa desturi angalirejea kwa ndugu zake, akiwa na dhahabu ya kuuza au fungu lake la upatu aliweza kujenga na kuwa na mlango wake mwenyewe, na wenye nyumba wanawake hawakuwa wachache mjini. Naye hakuwa tajiri wa mbali anayetuma karani: alilala ukuta mmoja na mpangaji wake, akasikia kikohozi chake usiku, akajua kama kazi imekwisha bandarini, na kodi ikachelewa pasipo ugomvi. Sioni haki kuwaweka watu hawa fungu moja na makabaila.

Hata hivyo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoamuru kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, halikupambanua baina ya jumba na kibanda, na Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi wa mji huu katika TANU, alijiuzulu uongozi kwa kutoliridhia sharti hilo. Sheria ya mwaka 1971 ilikuwa na kipimo: ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakakabidhiwa Msajili wa Majumba, na maghorofa ya Wahindi yakaenda kwa mamia, ilhali nyumba za udongo na bati zikasalimika kwa uduni wa thamani yake.

Leo thamani hiyo imegeuka, ardhi ikipita nyumba kwa mbali. Warithi hukutana na mjenzi mwenye fedha, wao wakatoa kiwanja naye akainua ghorofa, kisha wakagawana maduka na vyumba vya juu. Lakini nyumba nyingi hazikugawiwa mirathi tangu mjenzi wake alipofariki. Watoto waligawana vyumba kwa mdomo tu, huyu cha mbele, yule cha uani, na dada aliyeolewa mbali akaambiwa fungu lake lipo. Ghorofa haligawiki kwa mdomo, na ndugu mmoja akitia saini peke yake, dada huyo hulazimika kwenda mahakamani kuthibitisha fungu ambalo hapo kwanza hakuna aliyelikana.