Kasi ya Miguu na Kasi ya Akili: Historia ya Viungo katika Kandanda ya Australia

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kocha wa kandanda ya Australia akiisikia methali hiyo huenda akacheka, kwa maana katika mchezo wake kijana asiye na mbio huonekana ameshindwa kabla hajaanza. Kila mwaka vijana wa miaka 17 na 18 hupangwa kwenye mstari, wakakimbia mita 20, na mashine ikaandika muda wao hadi sehemu ya mia ya sekunde. Anayemaliza chini ya sekunde 3 huandamwa na wasaka vipaji. Anayechelewa kidogo huanza kusemwa kuwa ni mzito. Swali la insha hii ni hili: mbio zina uzito gani kwa kijana anayetaka kucheza kiungo? Nitalijibu kwa kurudi nyuma katika historia, kwa sababu jibu lake limebadilika kila sheria za mchezo zilipobadilika.

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe, maana si soka tuliyoizoea. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Uwanja una umbo la yai, na urefu wake ni kati ya mita 135 na 185. Mpira nao una umbo la yai. Mchezaji huruhusiwa kuudaka, kuukimbiza akiwa ameushika, kuupiga teke, au kuupitisha kwa kuupiga ngumi kutoka kwenye kiganja cha mkono wa pili. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Hakuna sheria ya kuotea. Mchezo una robo nne za dakika 20, na kwa kuwa saa husimamishwa mpira unapotoka au kukwama, robo moja huweza kukaribia nusu saa. Mchezo huanza katikati: mwamuzi huurusha mpira juu, wachezaji wawili warefu huruka kuugombea, na viungo husubiri chini yao waunyakue. Kiungo ndiye anayeishi katika purukushani hiyo.

Mchezo huu ulizaliwa Melbourne. Tarehe 10 Julai 1858 gazeti moja la mji huo lilichapa barua ya Tom Wills, mcheza kriketi maarufu, aliyependekeza kianzishwe chama cha kandanda ili wanakriketi wasizubae wakati wa baridi. Mwezi Mei 1859 yeye na wenzake wachache wa klabu ya Melbourne waliandika sheria za kwanza. Siku zile mchezo ulikuwa wa msongamano: watu wengi kuuzunguka mpira mmoja, na mwenye mabavu ndiye aliyetoka nao. Aliyesaidia kuubadilisha ni shemeji yake Wills, Henry Harrison, mkimbiaji aliyesifika sana katika koloni la Victoria. Sheria zilipoandikwa upya mwaka 1866, Harrison akiwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, ilikubaliwa kwamba mtu anaweza kukimbia na mpira, mradi audundishe chini kila baada ya yadi tano au sita. Siku hizi ni kila mita 15.

Sheria hii inastahili kuangaliwa vizuri. Ilimpa mwenye mbio ruhusa ya kukimbia, na papo hapo ikamtoza ushuru. Mpira wenye umbo la yai haurudi mkononi kwa hiari yake. Usipoudundisha kwa pembe inayofaa hurukia pembeni, na mwenye mbio akabaki anakimbia mikono mitupu. Tangu mwanzo, basi, waliotunga sheria walitambua kwamba kasi bila ustadi wa mkono haitoshi.

Kwa karibu miaka mia moja iliyofuata, kila mchezaji alikuwa na mahali pake uwanjani, na kila mahali palidai kasi ya namna yake. Winga alihitaji mbio ndefu, kwa sababu pembeni kulikuwa na nafasi. Keith Greig wa North Melbourne ni mfano mzuri: alikuwa winga, na alitwaa Medali ya Brownlow mwaka 1973 na 1974. Medali hiyo hutolewa kwa kura za waamuzi kwa mchezaji bora na mwenye nidhamu katika msimu, na ndiyo heshima kubwa kuliko zote kwa mchezaji mmoja mmoja. Mfuata mpira, yaani yule mdogo aliyesubiri chini ya mrukaji, alihitaji kitu kingine: kugeuka upesi mahali finyu na kujua mpira utaangukia wapi. Bob Skilton wa South Melbourne alikuwa na kimo cha sentimita 171 tu, lakini alitwaa medali hiyo mara tatu, mwaka 1959, 1963 na 1968. Alisifika kwa kuupiga mpira sawasawa kwa miguu yote miwili, kwa hiyo hakulazimika kupoteza muda akijigeuza ili autumie mguu wake wa kulia au wa kushoto. Huo pia ni wepesi, ingawa haumo katika mbio za mita 20.

Miaka ya sabini ilileta mageuzi. Katika fainali ya mwaka 1970, mbele ya watazamaji 121,696, Carlton walikuwa nyuma kwa pointi 44 wakati wa mapumziko. Kocha wao Ron Barassi aliwahimiza wapitishe mpira kwa ngumi na kusonga mbele bila kusita. Walishinda kwa pointi 10. Tangu hapo pasi ya ngumi, ambayo wengi waliitumia kama njia ya kujiokoa, ikawa silaha ya kushambulia. Mwaka 1973 alama ilichorwa katikati ya uwanja, na mwaka 1975 ikawa mraba. Mchezo unapoanzishwa katikati, ni wachezaji wanne tu wa kila timu wanaoruhusiwa kuwa ndani yake. Msongamano ukapungua na nafasi ikapatikana, na mwenye kuchomoka haraka akapata pa kukimbilia. Mwaka 1978 ikaruhusiwa mchezaji kutoka, kupumzika benchi na kurudi tena. Kila timu ilipewa wachezaji wawili wa namna hiyo, wakawa watatu mwaka 1994 na wanne mwaka 1998.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Zamani kiungo alilazimika kuigawa nguvu yake kwa robo zote nne. Sasa aliweza kukimbia kwa kasi yote dakika chache, akatoka akapumua, kisha akarudi. Benchi liliwafaa wenye mbio. Kadiri makocha walivyolitumia, ndivyo mchezo ulivyoongeza kasi, mpaka wakuu wa ligi wakaona sharti waweke mpaka: mabadiliko 120 kwa timu katika mchezo mmoja mwaka 2014, yakashuka hadi 90 mwaka 2016, na 75 mwaka 2021. Kila mpaka uliposhuka, pumzi ya mbio ndefu ilirudisha sehemu ya thamani yake. Kijana aliyefanya mazoezi kwa ajili ya mchezo wa mwaka 2010 alijikuta katika mchezo tofauti kabla hajatimiza miaka 30.

Katikati ya mabadiliko hayo ndipo saa ya kupimia mbio ilipopata mamlaka. Mwaka 1986 ligi ilianzisha uteuzi wa kila mwaka, ambamo klabu huchagua vijana kwa zamu. Klabu ambayo haijamwona kijana akicheza mara nyingi huhitaji kitu cha kumlinganishia na wenzake, na namba huonekana haina upendeleo. Vipimo vikawekwa: kuruka juu, wepesi wa kukata kona, pumzi, na mita 20. Kipimo cha mita 20 ni cha kweli. Lakini kina hatari yake: kilicho rahisi kupimwa huanza kuonekana ndicho kilicho muhimu zaidi.

Hata kabla ya uteuzi huo kuanza, lilikuwapo onyo. Kijana mmoja kutoka eneo la Bendigo, Greg Williams, alijaribiwa na Carlton akaonekana ni mzito mno. Akaenda Geelong na kuanza kucheza huko mwaka 1984. Mwaka 1986, msimu wake wa kwanza akiwa na Sydney, alitwaa Medali ya Brownlow pamoja na Robert DiPierdomenico wa Hawthorn. Mwaka 1992 alijiunga na Carlton, klabu ileile iliyomkataa, akatwaa medali ya pili mwaka 1994 akiwa na jezi yao. Mwaka 1995 Carlton walipochukua ubingwa, yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa fainali. Miguu yake haikuwa imepata mbio mpya. Alichokuwa nacho ni mikono: mpira ulipomfikia uliondoka upesi, ukamkuta mwenzake mwenye nafasi. Adui humfikia mtu kwa mbio, lakini hawezi kuufikia mpira ambao umekwisha kupita.

Mfano unaolijibu swali letu vizuri zaidi ni uteuzi wa mwaka 2001. Chris Judd alichaguliwa wa 3, na West Coast. Sam Mitchell alichaguliwa wa 36, na Hawthorn, baada ya kupitwa kabisa mwaka uliotangulia. Wote wawili walikuwa viungo. Judd alikuwa na mbio za kuchomoka ambazo zilimtoa katika kundi kama jiwe kutoka kwenye manati. Alitwaa Brownlow mwaka 2004 akiwa na miaka 21, akawa nahodha wa mabingwa mwaka 2006, na akatwaa medali ya pili mwaka 2010 akiwa na Carlton. Mitchell aliaminika kuwa mzito. Alipitia ligi ya chini, akawa mchezaji bora wake mwaka 2002, akatajwa chipukizi bora wa ligi kuu mwaka 2003, akawa nahodha wa mabingwa mwaka 2008, kisha akachukua ubingwa tena mwaka 2013, 2014 na 2015. Medali ya Brownlow ya mwaka 2012 ilimfikia yeye pamoja na Trent Cotchin mwaka 2016, baada ya aliyepewa awali kuirudisha. Judd alicheza michezo 279 na Mitchell 329.

Mtu akiitazama orodha hiyo harakaharaka atasema: basi, mbio hazina maana. Hapa mwanafunzi wa historia hana budi kuwa mwangalifu. Tunawakumbuka Williams na Mitchell kwa sababu walifaulu. Wapo vijana wengi wazito waliojaribu wakashindwa, na majina yao hayamo katika kitabu chochote. Ushindi huacha kumbukumbu, kushindwa hakuachi. Wapo pia wenye mbio kali waliochaguliwa mapema wakatoweka, na hao nao tumewasahau. Kwa hiyo mifano hii haithibitishi kwamba uzito ni neema. Inathibitisha jambo dogo zaidi, lakini la hakika: kwamba kukosa mbio si hukumu, iwapo mtu ana kitu cha kuziba pengo hilo.

Kitu hicho ni nini? Tukitazama mpira unaporushwa juu katikati, tunaona kwamba kiungo mara nyingi hukimbia hatua tatu au nne tu kabla ya kuugusa mpira. Katika hatua hizo, anayeanza mapema humshinda anayekimbia vizuri. Aliyesoma mkono wa mrukaji, akajua mpira utaangukia wapi, amekwisha kupata mita moja ya bure. Akiweza kuupiga kwa mguu wowote, amepata nyingine. Akijua mwenzake yuko wapi kabla ya kuushika, amepata ya tatu. Baada ya hapo, nje ya kundi, mbio za miguu hurudi kutawala: Judd akishapata nafasi hakamatiki, na Mitchell hana budi kuutoa mpira. Kasi ya akili humwezesha mtu kuupata mpira, na kasi ya miguu humwezesha kuufikisha mbali. Timu yenye busara hutafuta zote mbili, hata kama ni kwa watu wawili tofauti.

Kwa kijana jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa mtu mzima. Katika umri wa miaka 16 au 17, mwili mmoja umekwisha komaa na mwingine bado. Aliyekomaa mapema hushinda mbio za leo, wakati mwenzake anasubiri misuli ambayo itakuja baada ya miaka miwili. Saa haijui tofauti hiyo. Mazoezi huongeza mbio kwa kiasi, lakini sehemu kubwa mtu huzaliwa nayo, ilhali kuusoma mchezo na kutumia miguu yote miwili ni mambo yanayojengwa kwa miaka. Kijana anayeambiwa mapema kwamba ni mzito huacha kabla ya miaka hiyo kutimia, na hakuna kipimo kitakachoonyesha kilichopotea.

Nahitimisha kwa methali nyingine: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Historia ya viungo wa Australia haimwambii kijana adharau mbio. Harrison, Greig na Judd wangemkanusha. Inamwambia kocha aitumie saa kama shahidi mmoja kati ya wengi, asiifanye hakimu. Carlton walimpima Williams kwa mbio wakampoteza, na ilipita miaka mingi kabla hajawapa ubingwa. Wao walibahatika kwamba alirudi. Wengi wanaoambiwa ni wazito hawarudi.