Bwawa la Nairobi na Mashua Zake za Tanga



Historia ya nchi husimuliwa mara nyingi kwa vita na kwa majina ya wakubwa. Leo twapenda kuisimulia kwa maji. Tutazungumza habari za bwawa moja dogo la mji wa Nairobi, lenye ukubwa wa ekari 88 hivi, ambalo juu yake palikuwa na klabu ya mashua za tanga. Mashua zile hazionekani tena, na sababu ya kutoweka kwake yawapasa kuifikiri watu wote wanaokunywa maji ya mto mmoja, na hasa jamaa zetu wa Magindu, Kibaha na Kisarawe, ambao mto wao ni Ruvu.

Nairobi na Magindu zimefanana kwa jambo moja: reli ilipita kote kuwili. Njia ya reli ya Dar es Salaam ilianza kujengwa mwaka wa 1905, ikapita katika nchi ya Magindu, ikafika Morogoro mwaka wa 1907. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899. Wahandisi walitua hapo kwa kuwa waliona uwanja ulio sawa, na maji, kabla ya kuanza kupanda milima. Na jina lenyewe limetoka katika lugha ya Wamasai, maana yake ni maji baridi. Lakini mji uliozaliwa kwa ajili ya maji haukukawia kupungukiwa na maji. Watu waliongezeka, nyumba zikaongezeka, na mwaka wa 1950 Nairobi ikapewa hati ya kuwa jiji. Mwaka wa 1953 mto Motoine ulizibwa upande wa kusini-magharibi, na maji yaliyokusanyika nyuma ya kizuizi ndiyo yaliyoitwa Bwawa la Nairobi. Lilikusudiwa liwe akiba ya maji ya kunywa.

Penye maji na upepo, mwanadamu hatafuti sababu nyingine ya kutweka tanga. Klabu ya mashua ikafanya makao yake ukingoni mwa bwawa. Katika Uingereza vilabu vya namna hii hungoja kiangazi, kwa kuwa baridi huwafukuza watu majini. Katika Nairobi mtu aweza kwenda na tanga mwezi wo wote, ila siku zipendezazo zaidi ni zile za Januari na Februari, mvua za vuli zikiisha kupita na masika yakiwa bado. Jua huwa kali, anga huwa safi, na upepo wa kaskazi, ule ule uletao majahazi pwani kutoka Arabuni, huvuma hata huko juu bara.

Hapa yafaa tueleze kazi ya mashua hizo, maana si sawa na kazi ya jahazi. Jahazi letu lina tanga kubwa lililofungwa katika foromali, na likitaka kugeuka hata upepo ulijie kwa ubavu wa pili, mabaharia hawana budi kuihamisha foromali yote upande wa pili wa mlingoti. Ni kazi nzito. Kwa hiyo wazee wetu wa pwani walipenda kuungoja upepo kuliko kushindana nao: walikuja na kaskazi, wakarudi na kusi. Mashua ya bwawani ni ndogo, huchukua watu wawili, na tanga lake la pembe tatu limeshikamana na mlingoti wenyewe. Haina mkuku mrefu, bali ina ubao katikati ushushwao majini ili isisukumwe ubavu, na huo hupandishwa penye maji haba. Mashua kama hiyo hugeuka mara moja, na kwa kugeuka-geuka hivi, kulia na kushoto, hubisha hata ikafika kule upepo utokako. Ndiyo maana ekari 88 zilitosha.

Mashindano yao yalikuwa na sheria, na sheria iliyo kuu ni rahisi kueleza. Mashua mbili zikikutana, ile ipatayo upepo kwa ubavu wa kushoto huipisha ile ipatayo upepo kwa ubavu wa kulia. Haiulizwi ni mashua ya nani, wala mwenyewe ana mali gani. Huulizwa upepo watoka wapi. Twapenda mkumbuke sheria hii, maana tutairudia.

Sasa tuangalie miaka yenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau, na bwawa lilimalizika mwaka uliofuata. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzunguka mji wa Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa, wengi wao wakapelekwa vizuizini. Katika siku zile vilabu vya mji vilitengwa kwa rangi za watu, kama shule na hospitali zilivyotengwa. Bwawa, basi, lilianza maisha yake katika mji wenye watu wa namna mbili: waliokuwa na nafasi ya kupumzika kando ya maji, na waliokuwa wakihesabiwa na kuhamishwa. Hatulisemi jambo hili ili kuwalaumu watu waliopenda mashua. Mashua ni kitu chema. Twalisema kwa kuwa kutengwa huko ndiko kulikokuja kuliua bwawa.

Juu ya bwawa, ukiufuata mto Motoine, iko Kibera. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi, wenye asili ya Sudani, waliotumika katika jeshi la Waingereza, waliruhusiwa kukaa mahali hapo palipokuwa msitu. Na mwaka wa 1918 nchi hiyo iliandikwa rasmi kuwa nchi ya jeshi. Waliruhusiwa kukaa, lakini hawakupewa hati za kumiliki. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikifikiri siku zote kuwahamisha, na mtu hamjengei mifereji jirani anayetaka kumwondoa. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, neno la ardhi halikukatwa. Watu wa makabila yote walikuja mjini kutafuta kazi, wakapanga vyumba Kibera kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu na kazi ilikuwa karibu. Wanubi walingoja hata mwaka wa 2017 ndipo walipopewa hati ya ekari 288.

Katika miaka hiyo yote watu wa Kibera waliongezeka kupita kiasi, nao hawakuwa na mabomba ya kutosha, wala mifereji ya maji machafu, wala gari la kuchukua taka. Mvua iliponyesha, kila kitu kilitelemka mtoni, na mto ukakifikisha bwawani. Bwawa halikuwa la kina kirefu. Kwa wastani halikufika hata mita 3. Matope yakajaa chini, na mbolea ya uchafu ikajaa majini. Ndipo likaja gugu maji, lile lenye maua ya rangi ya zambarau, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, na ambalo limewatesa pia wavuvi wa ziwa Victoria tangu mwisho wa miaka ya 1980. Gugu hili hupenda maji yaliyoshiba uchafu, na likipata jua laweza kujizidisha mara mbili kwa muda wa juma mbili hivi. Kabla ya karne kwisha lilikuwa limelifunika bwawa. Mashua haiwezi kubisha katikati ya majani, na ubao wake haushuki penye matope. Matanga yakakunjwa. Baadaye watu wakalima mboga mahali palipokuwa maji.

Wako wasemao kwamba watu wa Kibera ndio walioliua bwawa. Neno hili ni jepesi, nasi hatulikubali. Mtu asiye na choo hakuchagua kukosa choo. Waliochora ramani za mji ndio waliouona mto mzima, tangu chemchemi hata kizuizi, nao waliweka akiba ya maji chini na watu wasio na mfereji juu, kisha wakatumaini kwamba maji yatawatenga watu kama sheria zilivyowatenga. Maji hayajui mipaka hiyo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa bwawa hili haukuwa katika kizuizi chake, ulikuwa katika mashauri ya mji. Serikali zilizofuata ziliukuta ufa huo, nazo zilikawia mno kuuziba.

Sasa twarudi kwetu. Mto Ruvu huanza katika milima ya Uluguru, ukapokea maji ya Ngerengere, ukamwaga baharini karibu na Bagamoyo. Kutoka mtambo wa Ruvu Juu na mtambo wa Ruvu Chini hunywa mji wa Dar es Salaam na sehemu kubwa ya Pwani. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 mto ulipungua sana, watu wa mjini wakapewa maji kwa zamu. Kwa sababu hiyo, na kwa shauri lililokuwapo tangu zamani, kazi ya kujenga bwawa la Kidunda ilianzishwa, ili maji ya masika yahifadhiwe yatumike wakati wa kiangazi. Limekusudiwa kuchukua mita za ujazo milioni 190. Mbele ya hilo, bwawa la Nairobi ni kama kikombe.

Lakini kikombe na pipa huchafuka kwa namna moja. Yafaa kila mtu wa bonde la Ruvu aulize mapema: juu ya maji haya wakaa nani, nao wana nini? Mkulima wa Uluguru akilima ukingoni bila makinga maji, udongo wake utalala bwawani. Mfugaji asipopewa mahali pa kunyweshea ng'ombe wake, atawashusha mtoni, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Mji wa Morogoro usipotunza maji machafu yake, Ngerengere itayachukua. Anayekunywa chini hana budi kumsaidia anayekaa juu, wala si kwa sadaka, bali kwa sheria iliyo sawa na ile ya mashua, isiyouliza mtu ni nani, bali huuliza upepo watoka wapi. Nasi na tuulize maji yatoka wapi, kisha kazi ya mifereji na vyoo na miti na ianzie huko.