Maji ya Moto Yaliyoleta Dhahabu Busia

Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu karibu na Kakamega. Haukupita muda bonde la Mto Yala likajaa wazungu wenye mahema na machepe, wengi wao wakulima ambao bei ya mahindi ilikuwa imewaangusha. Desemba 1932 serikali ya Nairobi ilibadilisha sheria ya ardhi za wenyeji ya mwaka 1930, wino wake haujakauka vizuri, ili eneo la machimbo litwaliwe bila wenye ardhi kupewa nyingine. Sir Albert Kitson, aliyewahi kuongoza idara ya jiolojia ya Gold Coast, aliletwa kuukagua ukanda huo wa dhahabu. Nao hauishii Kakamega. Unaelekea magharibi, unavuka mpaka na kuingia Busia ya Uganda, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa katika miaka hiyo hiyo ya 1930.

Hao wote walijua pa kuchimba, lakini hawakujua kwa nini pale. Waliufuata mshipa wa kwatzi, lile jiwe jeupe kama maziwa lenye madoa ya kutu, popote ulipopinda. Alfred Wegener alikuwa ameshasema tangu 1912 kwamba mabara husogea, akachekwa. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960 ndipo wanajiolojia wakubaliane kwamba gamba la dunia ni mabamba, na kwamba bamba la bahari likikutana na jingine jepesi huzama chini yake.

Bamba linalozama haliendi kavu. Miamba ya sakafu ya bahari hunyonya maji mpaka yawe sehemu ya madini yenyewe, kama kloriti, ambayo ndiyo huyapa mawe ya namna hii rangi ya kijani. Kadiri jiwe linavyoshuka ndivyo joto na mgandamizo vinavyopanda. Joto likifika nyuzi 500 hivi za selsiasi, kloriti haivumilii tena: inavunjika na kuyaachia maji yake. Yanayotoka kwa kina zaidi hupenya mwamba wa moto ulio juu, huufanya uyeyuke kwa joto dogo kuliko kawaida, na hapo volkano huzaliwa.

Dhahabu ina hadithi inayofanana na hiyo, ila inatokea juu kidogo, pale mabamba yanapobanana na miamba ya kijani kukunjwa na kuzikwa. Maji yanayokamuliwa humo hubeba kaboni dioksidi na salfa, na salfa ndiyo inayoishika dhahabu ikasafiri ikiwa imeyeyuka. Yanatafuta nyufa. Mgandamizo ukizidi, ufa hufunguka ghafla kama mvuke unavyoinua kifuniko cha sufuria, kisha hujifunga. Kila unapofunguka, mgandamizo unashuka, salfa inaachana na dhahabu au inashikana na chuma cha ukutani, na kwatzi inaganda juu ya kwatzi. Madoa ya kutu niliyoyataja ni mabaki ya chuma na salfa hiyo. Mchimbaji wa Tiira, huko Busia, anayeponda jiwe lake na kuliosha kwenye karai anakusanya mzigo uliotuliwa na maji hayo zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita.

Je, enzi hizo mabamba yalizama kama yanavyozama leo chini ya Japani? Wataalamu hawajaafikiana, na mimi nawaunga mkono wanaosema tusiharakishe, kwani dunia ilikuwa na joto zaidi. Ushahidi ulio imara zaidi katika eneo letu uko Tanzania. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walichapisha habari za eklogiti za ukanda wa Usagara, mwamba mzito wenye vito vyekundu, unaoundwa mahali ambapo gamba limeshushwa makumi ya kilomita. Umri wake ni miaka bilioni 2. Kwa Busia, ambako miamba ni mikongwe zaidi, bado tunasoma dalili tu.

Tusiuchanganye mlima wa Tororo na habari hii. Anayetoka Nagongera kwenda mashariki huuona toka mbali, na watu wengi hudhani ni ndugu wa miamba ya Busia. Sivyo. Ni mabaki ya volkano changa zaidi, ya kabonatiti, jiwe la chokaa lililopanda likiwa limeyeyuka. Kwa miaka mingi wapo waliokataa kwamba kabonatiti inaweza kuwa lava, mpaka J. B. Dawson alipoiona ikitiririka kwenye volkano ya Ol Doinyo Lengai, Tanzania, mwaka 1960. Wakati huo kiwanda cha saruji cha Tororo kilikuwa tayari kinaisaga kabonatiti ya mlima huo.

Mwaka 2025 huko Busia ulifunguliwa mgodi mkubwa wa Wagagai, huku wachimbaji wadogo wakiendelea kushika zebaki kwa mikono mitupu, jambo ambalo serikali imelionea haya kwa muda mrefu mno. Chuo Kikuu cha Busitema kina kampasi Nagongera, na huko wanasomeshwa walimu wa sayansi. Walimu hao waombewe basi moja tu la kwenda Busia kila mwaka, wakaushike mshipa wa kwatzi kwa mikono yao, kabla ya kumchorea mtoto wa Budama, eneo la Nagongera, bamba linalozama chini ya Japani.