Chotara wa mahindi, chotara wa figili

Kwenye duka la pembejeo, "chotara" ni mbegu ya mahindi iliyotokana na kuchavusha mistari miwili tofauti ya mahindi. Wazazi ni spishi moja, kila mmoja ana kromosomu 20 zinazooana na za mwenzake, na hindi hujaa punje.

Wanabotania hulitumia neno hilohilo kwa jambo gumu zaidi. Miaka ya 1920, Mrusi Georgii Karpechenko alichavusha figili kwa kabichi. Kila mmea una kromosomu 18; mtoto akapata tisa huku, tisa kule. Alistawi, akachanua, lakini karibu maua yote yalikuwa tasa. Seli ya uzazi inapogawanyika, kila kromosomu hujipanga jozi na ya kufanana nayo. Za figili hazikupata wenzi kwa kabichi, zikagawanyika ovyo, chavua ikaharibika.

Ajabu ilikuwa kwenye mbegu chache zilizopatikana. Mimea yake ilikuwa na kromosomu 36: seti zote mbili zimejirudufu. Sasa kila kromosomu ilikuwa na pacha wake, na mmea ukazaa. Ganda lake la mbegu lilifanana na la kabichi upande wa chini, na la figili upande wa juu!

Naomba vitabu vyetu vya biolojia viandike wazi "chotara wa spishi mbili". Mwanafunzi anayemjua chotara wa dukani tu hataelewa utasa huu unatoka wapi, wala ngano ya chapati ilivyofikisha kromosomu 42 kutokana na nyasi za spishi tatu.