Akiba haiozi: Jinsi ya kugandisha maembe ya msimu nyumbani

KILA ifikapo mwezi wa Januari, kingo za barabara katika kaunti za Makueni, Machakos na Embu hujaa marundo ya maembe. Wachuuzi huyakimbilia magari ya abiria wakiwa na ndoo zilizofurika, na bei hushuka kiasi kwamba baadhi ya wakulima huona heri tunda lianguke na kuozea chini ya mti kuliko kumlipa kibarua wa kulichuma.

Miezi michache baadaye mambo hugeuka. Mvua za masika zikishapita, embe huwa ni la kutafutwa kwa tochi, na familia iliyokuwa ikiwarushia ng'ombe maembe hulazimika kuyanunua moja moja sokoni, tena kwa bei ya kuumiza.

Makueni imejenga kiwanda cha kusindika matunda katika eneo la Kalamba ili kupunguza hasara hiyo. Hata hivyo, kiwanda hakiwezi kumaliza matunda yote yaliyoko shambani, wala hakimsaidii mama wa mjini aliyeletewa gunia zima na jamaa zake kutoka mashambani na ambaye ana siku 4 au 5 tu kabla halijaharibika.

Kwa mwenye jokofu lenye sehemu ya kugandishia, yaani friza, lipo suluhisho lisilohitaji ujuzi mkubwa. Embe lililogandishwa vyema mwezi wa Februari huweza kuliwa Agosti au hata Novemba likiwa bado na ladha yake na sehemu kubwa ya vitamini zake. Lakini kazi hii ina kanuni zake, na anayezipuuza huishia na uji usio na ladha au, vibaya zaidi, chakula cha kumdhuru.

Kinachotokea ndani ya tunda

Zaidi ya asilimia 80 ya embe ni maji. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na barafu inayofanyika hutoboa kuta za seli za tunda. Ndiyo maana embe lililoyeyuka baada ya kugandishwa huwa laini kuliko lilivyokuwa awali.

Ukubwa wa madhara hayo hutegemea kasi ya kuganda. Tunda likiganda polepole, chembe za barafu huwa kubwa na kuzipasua seli nyingi. Likiganda upesi, chembe huwa ndogo na umbo la tunda husalia afadhali.

Siri hii ndiyo iliyomtajirisha Mmarekani Clarence Birdseye. Akiwa Labrador, Kanada, katika miaka ya 1910, aliona jinsi wenyeji wa huko walivyovua samaki ambao waliganda mara moja kwa sababu ya baridi kali, na ambao walipopikwa miezi kadhaa baadaye walikuwa na ladha ya samaki wabichi. Aliunda mitambo ya kugandisha vyakula kwa haraka, na mnamo Machi 1930 vyakula vya aina hiyo vikaanza kuuzwa katika maduka ya mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts.

Baridi hiyo huzuia bakteria na kuvu kuzaana, na hupunguza mno kasi ya vimeng'enya, yaani kemikali za asili zinazolifanya tunda liive na hatimaye kuoza. Lakini baridi haiui vijidudu vyote. Mwaka wa 2013 nchini Marekani, mbegu za komamanga zilizogandishwa zilihusishwa na mlipuko wa homa ya ini aina ya A uliowapata zaidi ya watu 160. Uchafu unaoingia kwenye friza hutoka humo ukiwa uchafu vilevile.

Jokofu la aina gani?

Kiwango kinachopendekezwa cha kuhifadhi vyakula vilivyogandishwa ni nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa si kila kisanduku cha barafu kilichomo ndani ya jokofu hufikia baridi hiyo.

Majokofu mengi huwa na alama za nyota kwenye mlango wa sehemu ya barafu. Nyota 1 huashiria nyuzi 6 chini ya sifuri, na humo chakula kilichogandishwa kikae kwa takriban wiki moja tu. Nyota 2 ni nyuzi 12 chini ya sifuri, ambapo chakula hudumu kwa mwezi mmoja hivi. Nyota 3 ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Nyota 4 humaanisha kwamba friza ina uwezo wa kuvigandisha vyakula vibichi kwa kiasi kikubwa, si kuvihifadhi tu.

Kwa hivyo, mwenye jokofu dogo la mlango mmoja asihadaike kwamba maembe yake yatafika Krismasi. Anaweza kugandisha ya kutumia katika wiki chache, wala hilo si haba.

Kuchagua na kuandaa

Embe la kugandishwa liwe limeiva barabara lakini bado gumu kiasi. Lililo bichi halitaiva ndani ya friza, na lililoiva kupindukia litatoka likiwa rojorojo. Aina zisizo na nyuzi nyingi, kama vile Ngowe yenye umbo refu na ncha iliyopinda, au Apple yenye umbo la mviringo, ndizo zinazofaa kukatwa vipande. Maembe ya kienyeji yenye nyuzi nyingi yasitupwe. Hayo yasagwe, yachujwe na kugandishwa yakiwa rojo.

Maembe yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kumenywa, hata kama ganda halitaliwa, kwa kuwa kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza katika nyama ya tunda. Mikono, kisu na ubao wa kukatia pia vioshwe kwa sabuni. Ubao uliotumika kukatia nyama au samaki usikaribiane na kazi hii.

Embe lililoshambuliwa na nzi wa matunda, adui aliyewasumbua mno wakulima wa Kenya tangu aina yake ya kutoka Asia igunduliwe humu nchini mwaka wa 2003, hujulikana kwa vitundu vidogo kwenye ganda na mabaka laini. Lililojaa funza litupwe.

Baada ya kumenya, nyama ikatwe kutoka kwenye kokwa na kugawanywa katika vipande vya ukubwa wa sentimita 2 hivi. Vipande vidogo huganda upesi kuliko vikubwa.

Njia tatu za kugandisha

Njia ya kwanza, na iliyo bora kwa wengi, ni ya sinia. Vipande hutandazwa juu ya sinia safi bila kugusana, kisha sinia huingizwa kwenye friza kwa saa kadhaa au usiku mzima. Vikishakuwa vigumu kama changarawe, hutiwa kwenye chombo chenye kifuniko na kurejeshwa kwenye friza papo hapo. Faida yake ni kwamba vipande havigandamani, na mpishi anaweza kutoa kikombe kimoja bila kuyeyusha vyote.

Njia ya pili ni ya sukari. Vikombe 5 au 6 vya vipande hunyunyiziwa nusu kikombe cha sukari, huachwa kwa dakika chache hadi sukari iyeyuke, kisha hukorogwa polepole na kupakiwa. Sukari hulinda rangi na umbo, lakini si lazima kwa usalama wa chakula. Mwenye kisukari au anayejihadhari na sukari anaweza kuiacha kabisa.

Njia ya tatu ni ya rojo. Embe husagwa, hutiwa katika vibati vya kutengenezea barafu na kugandishwa, kisha vijibarafu huhamishiwa kwenye chombo chenye kifuniko. Njia hii hufaa kwa sharubati na pia kwa chakula cha mtoto aliyetimiza miezi 6, kwa sababu mama huyeyusha kiasi cha mlo mmoja tu.

Katika njia zote, friza isilemewe. Friza ya lita 100 isipewe zaidi ya kilo 3 hadi 5 za matunda mabichi kwa siku moja. Ikijazwa gunia zima kwa mara moja, baridi hushuka, matunda huganda polepole, na hata nyama iliyokuwamo huanza kuyeyuka.

Vyombo na sheria

Tangu Agosti 28, 2017, Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kupakia bidhaa, ikiwemo ile ya matumizi ya nyumbani. Wazoefu wa kufunga matunda kwenye mifuko myepesi ya karatasi za nailoni walilazimika kubadili mtindo, na kusema kweli hawakupoteza kitu: mifuko hiyo hupitisha hewa na kupasuka kwa urahisi.

Vyombo vya plastiki ngumu vyenye vifuniko vya kukaza, kama vile vilivyokuwa na aiskrimu au siagi, hufaa iwapo vimeoshwa vizuri. Mitungi ya glasi yaweza kutumiwa kwa uangalifu, hasa ile iliyonyooka isiyo na shingo nyembamba. Rojo au matunda yenye sukari yaachiwe nafasi ya sentimita 2 hivi juu, la sivyo yatakapotanuka yatainua kifuniko au kuvunja glasi. Vipande vilivyogandishwa kwenye sinia havihitaji nafasi hiyo. Kwavyo, kadiri hewa inavyopungua ndivyo inavyokuwa bora.

Hewa kavu ya friza hufyonza unyevu wa tunda na kuliachia mabaka makavu yasiyopendeza. Mabaka hayo hayamdhuru mlaji, lakini ladha huwa imekwenda. Aidha, chombo kisichofunika vyema kitalifanya embe linuke samaki.

Kila chombo kiandikwe jina la tunda na tarehe. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, embe hubaki na ubora wake kwa miezi 8 hadi 12.

Matunda mengine

Nanasi hugandishwa kama embe, baada ya kumenywa na kuondolewa moyo. Karakara hukamuliwa na kugandishwa katika vibati, pamoja na mbegu zake au bila. Ndizi mbivu zimenywe kwanza, kwa kuwa ganda lake hugeuka jeusi na kuwa gumu kulitoa. Parachichi halifai likiwa vipande. Lipondwe na kutiwa kijiko 1 cha mezani cha maji ya limau kwa kila maparachichi mawili ili lisiwe jeusi. Tikitimaji hupoteza ukakamavu wake wote, na hivyo lifae sharubati pekee.

Umeme unapopotea

Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu kote nchini Kenya na kukosekana kwa saa nyingi. Katika maelfu ya jikoni, swali lilikuwa moja: je, vilivyomo kwenye friza vitapona?

Jibu hutegemea mlango. Friza iliyojaa ambayo haikufunguliwa huhifadhi baridi yake kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, kwa saa 24. Ndiyo sababu wataalamu hushauri nafasi zilizo wazi zijazwe chupa za maji, zikiachiwa nafasi juu, ambazo huganda na kuwa akiba ya baridi.

Matunda yaliyoanza kulegea lakini bado yana chembe za barafu yanaweza kugandishwa tena, ingawa yatakuwa laini zaidi. Yaliyoyeyuka kabisa yakiwa bado na ubaridi wa jokofu yapikwe jemu au yasagwe sharubati siku iyo hiyo. Yaliyopata joto, kutoa povu au harufu ya uchachu yamwagwe bila kuonjwa.

Anayesafiri kwa muda mrefu anaweza kugandisha kikombe cha maji na kuweka sarafu juu yake. Akirejea na kuikuta sarafu chini ya barafu, atajua kwamba umeme ulipotea kwa muda mrefu, maji yakayeyuka na kuganda upya.

Kuyatumia, na iwapo kuna faida

Vipande vya embe husagwa moja kwa moja vikiwa bado barafu. Vya kuliwa hivyo hivyo viyeyushwe ndani ya jokofu usiku kucha, wala si juu ya meza ya jikoni, na viliwe vikiwa na ubaridi kidogo, kabla havijalegea.

Kununua friza kwa ajili ya maembe pekee si busara. Gharama ya mtambo na umeme itazidi thamani ya matunda. Asiye nayo afadhali akaushe vipande vyembamba juani chini ya chandarua safi, au apike jemu. Lakini kwa nyumba ambayo tayari ina friza inayofanya kazi mchana na usiku ikiwa nusu tupu, kuijaza hakuongezi gharama ya kutisha.

Wahenga walisema akiba haiozi. Embe huoza, tena upesi. Kazi ya jioni moja mwezi wa Februari, sinia safi na chombo chenye kifuniko ndivyo vinavyoligeuza kuwa akiba, na kumwezesha mtoto kunywa sharubati ya embe mwezi wa Agosti bila mzazi kugusa mkoba.