Makaa ya Muturi: Chuma, Moto na Atomu Miguuni mwa Mlima Kenya

Mvua kubwa ikishapita Mathira, huko Nyeri, na maji yakapungua, kandokando ya mifereji hubaki mistari myeusi ya mchanga mzito, umejitenga na mchanga wa kawaida. Mtoto aliyechomoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio akiipitisha juu ya mstari huo, punje nyeusi huirukia na kusimama wima kama nywele za kipara kinachoota upya. Ni mchezo wa watoto wengi. Mchanga huohuo ndio uliowapa mababu zao mikuki, sime, shoka, nyembe za kunyolea na njuga za ngoma, kabla ya duka la kwanza la vyuma kufunguliwa Nyeri.

Chanzo chake ni mlima wenyewe. Kirinyaga, ambao ramani zinauita Mlima Kenya, ni volkano iliyozimika. Ilijijenga kwa milipuko mingi na ikanyamaza yapata miaka milioni 2.6 iliyopita, leo kilele chake cha Batian kina mita 5,199. Ndani ya miamba iliyoganda kutokana na uji ule wa moto kulikuwa na chembe za magnetaiti, madini ya chuma yanayonaswa na sumaku. Mvua na baridi vilipoila miamba hiyo, chembe zilidondoka na kuchukuliwa na mito. Magnetaiti ina uzito wa karibu mara 5 ya maji, ilhali punje za kawaida za mchanga hazifiki mara 3. Kwa hiyo mto hufanya kazi ya ungo: chepesi kinapeperushwa mbele, kizito kinabaki nyuma.

Watu walioijua siri hiyo Wakikuyu waliwaita aturi, mmoja wao muturi. Ndio wahunzi. Majirani zao Wambeere, upande wa Embu, nao waliyeyusha mchanga mweusi kwa njia inayofanana. Jomo Kenyatta aliieleza kazi ya chuma katika sura ya ufundi ya kitabu chake cha mwaka 1938, *Facing Mount Kenya*. Kabla yake, W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, Waingereza walioishi Ukikuyu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, walikuwa wameitazama kwa macho yao, wakaipiga picha na kuiandika katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1910. Kitabu hicho walikiita cha watu wa kabla ya historia. Jina hilo halikuwatendea haki watu walioandikwa humo, kwa maana kurasa zilezile za kitabu zinaonyesha mafundi waliokuwa wakitawala mmenyuko wa kikemikali kwa usahihi mkubwa.

Kazi ilianzia mtoni. Mchanga ulioshwa tena na tena mpaka ukabaki ule mweusi, ukaanikwa juani, ukabebwa nyumbani kwa mhunzi. Huko kulikuwa na shimo la kuyeyushia lililokandikwa udongo, makaa ya miti migumu, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Mivukuto ilifanya kazi kwa jozi: mmoja ukishushwa, wa pili unainuliwa, ili upepo usikatike. Upepo ulipitia kwenye mrija wa udongo uliochomwa, kwa sababu mdomo wa mti ungewaka mara moja. Makaa na mchanga viliongezwa kidogokidogo, tabaka juu ya tabaka, kwa saa nyingi.

Ni nini hasa kilichokuwa kikitokea ndani ya shimo lile?

Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma mfumo wa 8-4-4 anao ufunguo wa jibu, ila amepewa vipande vyake miaka tofauti. Muundo wa atomu aliufundishwa kidato cha pili. Sura ya metali aliikuta kidato cha nne, na mwaka huohuo akakutana na mionzi na atomu zinazovunjika. Katika kibanda cha muturi sura hizo tatu zilikuwa jambo moja, na kilichoziunganisha ni makaa.

Tuanze na atomu. Kiini cha atomu ya chuma kina protoni 26, na nje yake zinazunguka elektroni 26. Chuma hakizishikilii kwa nguvu elektroni zake za ukingoni, oksijeni inazitamani. Katika chembe ya magnetaiti atomu 3 za chuma zimefungamana na atomu 4 za oksijeni. Kati ya hizo 3 za chuma, moja imetoa elektroni 2, na mbili zimetoa elektroni 3 kila moja. Jumla ni 8. Kila oksijeni imepokea 2, na kwa oksijeni 4 hesabu inatimia: 8 zilizotolewa, 8 zilizopokewa. Ndiyo maana mchanga ule haufuliki hata ukipigwa nyundo kutwa nzima. Chuma kimo, lakini kimefungwa.

Makaa ndiyo yaliyokuwa na uwezo wa kukifungua. Kaboni ya makaa ikikutana na upepo wa mivukuto huwaka na kuwa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu inachukua kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksidi, gesi yenye njaa ya oksijeni. Molekuli 4 za kaboni monoksidi zinatosha kuipokonya magnetaiti oksijeni zake zote 4, na atomu 3 za chuma zinabaki huru. Moshi unaondoka na oksijeni, chuma kinabaki shimoni. Katika kilo 10 za magnetaiti safi kuna takriban kilo 7.2 za chuma, ingawa shimo la aina hii halikutoa chote. Sehemu kubwa ilipotea ndani ya mavi ya chuma, yaani uchafu unaoyeyuka.

Hapo ndipo ustadi ulipopimwa. Upepo ukizidi, oksijeni inafika mpaka kwenye chuma kipya na kukirudisha kilikotoka. Ukipungua, moto unapoa na gesi ile inakuwa haba. Muturi hakuwa na kipimajoto wala jedwali la elementi. Aliisoma rangi ya moto, akausikiliza mlio wa mivukuto, akajua saa ya kuongeza makaa na saa ya kungoja. Elimu hiyo alikuwa ameirithi kwa baba yake, aliyeirithi kwa babu.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi: chuma hicho hakikuyeyuka. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na shimo la mhunzi lilifanya kazi karibu na nyuzi 1,200. Kilichoyeyuka ni uchafu, ukachuruzika chini kama asali nyeusi. Chuma chenyewe kilikusanyika kikiwa laini, donge lenye matundu kama sifongo. Donge hilo lilitolewa, likapashwa moto tena na kupondwa juu ya jiwe mpaka takataka zilizosalia zikaruka pamoja na cheche. Hapo tu ndipo lilipofaa kufuliwa mkuki.

Tanuri refu linalochorwa kwenye vitabu vya shule ni jingine. Huko joto ni kali mno, chuma kinayeyuka kabisa na kunywa kaboni mpaka karibu asilimia 4. Hutoka chuma kigumu lakini chepesi kuvunjika. Ukikigonga kwa nyundo kinapasuka, na lazima kisafishwe tena kabla ya kufaa. Chuma cha Kirinyaga kilikuwa na kaboni kidogo, kikakubali kupindwa, kunyooshwa na kuvutwa kuwa mkufu mwembamba. Pale kilipokaa zaidi ndani ya makaa kikanywa kaboni kiasi, kilikaribia kuwa feleji na kushika makali vizuri. Hiyo ni kazi ya pili ya makaa: baada ya kukifungua chuma, yalikikaza.

Si ajabu kwamba jamii ilimpa muturi heshima iliyochanganyika na hofu. Laana yake iliogopwa mno, na watu walijihadhari wasimwibie wala wasivunje ahadi waliyompa. Aliyetaka kujifunza kazi hiyo hakuokota maarifa njiani. Aliyalipia kwa mbuzi na kwa miaka ya utumishi. Mkulima alimhitaji kwa shoka la kufyekea msitu, mama kwa kisu cha palizi, kijana kwa mkuki wake wa kwanza.

Je, kazi hii ilianza lini? Hakuna muturi aliyeandika tarehe, lakini makaa yake yaliiandika. Hii ndiyo kazi ya tatu.

Angani juu, miale kutoka anga za mbali hugonga hewa na kugeuza baadhi ya atomu za naitrojeni kuwa kaboni 14. Hii ni kaboni kama nyingine, ina protoni 6, ila kiini chake kina nyutroni 8 badala ya 6, na wingi huo wa nyutroni unaifanya isitulie. Mti unapovuta hewa huinywa pamoja na kaboni ya kawaida. Ukikatwa, unaacha kunywa, na saa inaanza kuhesabu: kila baada ya miaka 5,730 nusu ya kaboni 14 iliyobaki inakuwa imerudi kuwa naitrojeni, huku kila atomu inayovunjika ikirusha elektroni moja. Katika gramu moja ya kaboni ya mti uliokatwa leo, atomu kama 14 huvunjika kila dakika. Katika gramu ya kaboni ya makaa ya miaka 800 iliyopita huvunjika karibu 13. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kalenda. Mmarekani Willard Libby na wenzake waliigundua njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1960.

Miaka kama kumi baada ya tuzo hiyo, saa ya Libby ilisomwa Nyeri. Mwanaakiolojia kutoka Ufini, Ari Siiriäinen, alichimba Gatung'ang'a, karibu na Karatina, na mwaka 1971 akachapisha matokeo yake katika jarida la *Azania*. Ardhi hiyo ilitoa vigae vya vyungu na mabaki ya watu wa zama za chuma, na makaa ya hapo yakaelekeza kwenye karne za 12 hadi 14. Maana yake ni kwamba jembe la mkulima wa Mathira linapita juu ya utamaduni wa chuma uliokuwapo karne nyingi kabla Abraham Darby hajayeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa huko Coalbrookdale, Uingereza, mwaka 1709.

Yaliyouzima moto wa kuyeyusha mchanga yanajulikana. Misafara ya kutoka pwani ilileta nyaya za chuma na shaba nyeupe, na mhunzi akaona ni rahisi kufua waya kuliko kuosha mchanga wiki nzima. Reli kutoka Mombasa ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Mwaka uliofuata Waingereza wakaweka kituo chao Nyeri baada ya kulishambulia eneo jirani la Tetu, na nyuma ya askari wakaja wafanyabiashara na majembe ya viwandani. Uyeyushaji ukafa ndani ya miaka michache. Ufuaji haukufa. Aturi walibaki na nyundo zao, wakabadilisha malighafi tu.

Maarifa hayo yalihitajika tena baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki chache za kiwandani. Mafundi waliwaundia nyingine kwa mabomba ya maji, komeo za milango na mipira ya kuvutia. Mkono uliojua chuma kinavyokubali na kinavyokataa ulikuwa silaha. Leo mwana wa Tetu aliyekuwa mmoja wa viongozi wa wapiganaji hao, Dedan Kimathi, amepewa chuo kikuu cha teknolojia mjini Nyeri kwa jina lake, na mafundi wa jua kali wa Karatina, Kerugoya na Embu wanaendelea kufua vyuma chakavu kuwa majiko na mapanga.

Pengo lililobaki liko darasani. Mwanafunzi wa Nyeri anaweza kuchora tanuri la Ulaya kwa ukamilifu, akataja kila gesi, akapata alama zote, huku hajawahi kuambiwa kwamba mmenyuko uleule ulifanyika kwenye mteremko anaoupita akienda shule. Pengo hilo halihitaji bajeti kuzibwa. Sumaku moja, kikombe cha mchanga wa mto Ragati au Sagana na kipindi kimoja cha mwalimu vinatosha kuanzia.

Kuna pia ombi kwa wakulima. Mtu akilima akakuta mavi ya chuma, vipande vya mrija wa udongo au tabaka la makaa, asivihamishe wala kuvitupa kwenye mtaro. Makaa yakishaondolewa mahali pake, tarehe yake haiwezi tena kufungamanishwa na tanuri lililoyatumia, na ushahidi umepotea. Avifunike kwa udongo, akumbuke mahali, kisha apeleke habari kwenye Makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 inataka ugunduzi kama huo uripotiwe, na matanuri ambayo hayajapata tarehe bado yako chini ya mashamba ya chai na kahawa.