Ugumba wa mwanamume

Ugumba wa mwanamume ni hali ya mwanamume kushindwa kumpa mwenzi wake mimba baada ya kujamiiana bila kinga kwa miezi 12 au zaidi. Ni tofauti na uhanithi: mwanamume anaweza kuwa na nguvu za kiume za kawaida huku shahawa zake hazina mbegu za kutosha. Katika jamii nyingi mke hulaumiwa kwanza, ingawa chanzo kinaweza kuwa kwa mume, kwa mke au kwa wote wawili. Kwa hiyo wote wanapaswa kupimwa.

Sababu

Sababu za kawaida ni kuvimba kwa vena za korodani, kisonono na klamidia zisizotibiwa, ambazo huziba mirija ya mbegu, matubwitubwi yaliyoshuka korodanini baada ya balehe, korodani zisizoshuka utotoni, matatizo ya homoni na kasoro za kurithi. Uvutaji wa sigara, unene na joto la kudumu korodanini huweza kupunguza mbegu. Mara nyingine sababu haijulikani.

Mabusha katika pwani ya Lindi

Kilwa, Lindi na sehemu nyingine za pwani ya Tanzania zimeathiriwa kwa muda mrefu na matende na mabusha. Ugonjwa huu huletwa na minyoo midogo, Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu. Imani kwamba busha hutokana na kunywa madafu si ya kweli.

Busha ni maji yanayojaa katika utando unaozunguka korodani. Mwenye busha si lazima awe mgumba, wengi huzaa. Hata hivyo busha kubwa la miaka mingi huongeza joto na mgandamizo kwenye korodani, na linaweza kuzuia tendo la ndoa. Aibu huwafanya wengi kulificha chini ya kikoi badala ya kwenda hospitali.

Uchunguzi

Daktari huuliza historia ya mgonjwa, hukagua korodani, kisha huagiza kipimo cha shahawa. Mgonjwa hujizuia kutoa shahawa kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja viwango vya chini vya kulinganishia: shahawa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ya mbegu zinazojongea. Aliye chini ya viwango hivyo bado anaweza kuzaa. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa. Vipimo vya homoni na picha ya mawimbi ya sauti hufuata inapobidi.

Matibabu

Matibabu hutegemea chanzo. Maambukizi hutibiwa kwa antibiotiki, pamoja na mwenzi. Vena zilizovimba hufungwa kwa upasuaji. Dawa za ivermektini na albendazoli zinazogawiwa kwa jamii hupunguza vimelea vya matende katika damu na kuzuia maambukizi, lakini haziondoi busha lililokwisha kujaa. Hilo huhitaji upasuaji, unaofanyika katika hospitali za wilaya na mkoa. Upasuaji huo hauondoi korodani wala uanaume, kama wengi wanavyohofia.

Sindano za testosteroni hazitibu ugumba. Husimamisha utengenezaji wa mbegu. Kwa kuwa mbegu huchukua takriban miezi mitatu kukomaa, matokeo ya tiba hupimwa baada ya muda huo.

Pale mirija ilipoziba kabisa, mbegu zinaweza kutolewa korodanini na kudungwa ndani ya yai, njia iliyoleta mtoto wa kwanza nchini Ubelgiji mwaka 1992. Kwa mkazi wa Kilwa Masoko, huduma hiyo humaanisha safari ya takriban kilomita 300 hadi Dar es Salaam na gharama kubwa. Ndiyo maana kutibu kisonono, klamidia na mabusha mapema ni muhimu.